Ubao wa Medali wa Adhis

Adhis, dada wa marehemu mume wangu Osewe, ana ukumbi wa video mtaani Gatina, Nairobi. Aliacha shule kidato cha pili, lakini ubao wake wa mlangoni husomwa hata na watu wasioshika gazeti. Kwa kawaida huandika ratiba na matokeo ya mpira. Februari ya 2022, Olimpiki ya majira ya baridi ilipokuwa Beijing, aliongeza jedwali la medali, na watu wasiowahi kugusa theluji wakaanza kubishana nani bingwa wa kuteleza.

Siku ya mwisho ya michezo hiyo nilimtembelea kutoka Kibera. Nilimkuta Chege, mwenye ploti, amesimama mbele ya ubao.

"Wewe Adhis, hesabu hii ulifunzwa wapi? China medali kumi na tano, Marekani ishirini na tano, na bado China iko juu? Unadanganya watu. Futa, ama uutoe ubao kwa ukuta wangu."

Wateja waligeuka kusikiliza. Ubao ukishukiwa leo, kesho nani angeuamini? Tena kaka yake Osewe alifundisha hesabu miaka ishirini; jina lake nalo lingechafuka. Nilipofungua kinywa nimtetee, Adhis aliniinulia kiganja.

"Wifi, ngoja." Akamgeukia Chege. "Baba Wainaina, tamasha la mwisho la kwaya, kanisa lenu la Riruta lilikuwa namba mbili kwa nyimbo ngapi?"

"Nne."

"Na sisi tulikuwa namba moja kwa ngapi?"

"Wimbo mmoja."

"Na kombe lilienda kwa nani?"

Chege alikuna kidevu. "Kwenu. Na mlituimbia nalo mpaka stendi."

"Basi China ina dhahabu tisa, Marekani nane. Dhahabu kwanza."

Umati uliangua kicheko. Chege naye akacheka. "Haya, ubao ukae. Lakini kama wewe ni mkweli, Kenya yetu iko wapi?"

Adhis alichukua chaki, akaandika chini kabisa: Kenya, sufuri, sufuri, sufuri.

"Aki umetuanika, mathe!" mteja mmoja akalalamika.

Nami nilimvuta kando. "Futa, Adhis. Jamaa ya Osewe haijidhalilishi mbele ya watu. Norway ina watu milioni tano na kitu tu, na ina dhahabu kumi na sita!"

"Ndiyo sababu sifuti. Nikificha sufuri yetu, nani ataamini kumi na sita yao?"

Niliutazama ubao tena. Herufi za Adhis zilikuwa zimepinda. Nilimpokonya chaki, nikaandika Kenya upya kwa herufi kubwa, zisomeke kutoka ng'ambo ya barabara.