Walificha Jina la Shangazi, Wakaacha Ng'ombe Wake

Admin pole na kazi, na wote mnaofuata ukurasa huu, mwangaluka. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mwalimu wa sekondari hapa Bariadi, nina mume na watoto. Sijaachwa wala sijafumania mtu, kwa hiyo waliokuja kutafuta umbea wa mapenzi wanisamehe. Yangu ni mambo ya wasomi, lakini yamesambaratisha familia yetu, na nimechoka kulia peke yangu.

Miaka ile ya soko huria, pamba imeachiwa kila mwenye mizani anunue na miradi ya wafadhili inamiminika vijijini, nilikuwa chuoni nasoma shahada ya pili. Utafiti wangu ulihusu wanawake waliochelewa kupata mtoto kwenye ndoa. Nikaenda kwa shangazi yangu, dada wa baba, aliyeolewa Mwamapalala. Ndiye aliyenilea. Nikamwambia, "Shangazi, jina lako halitatoka." Akacheka. "Mwanawane, we andika tu. Nani huku anasoma Kizungu?"

Akanieleza jambo ambalo hata baba yangu hakulijua. Mumewe hakuwa na uwezo wa kuzaa, na mama mkwe mwenyewe ndiye aliyempangia mtu wa kumzalisha kimyakimya, ili mji wa mwanawe usife bila mrithi. Akazaliwa mtoto wa kiume. Mume hakujua, akampenda yule mtoto kupita kiasi.

Nilipoandika nilibadilisha jina lake, na habari za mahari nikaziondoa zote. Aliyezaliwa Usukumani ananielewa. Kwetu mwanamke anajulikana kwa ng'ombe waliomuoa. Kundi la shangazi liliongozwa na dume jeupe lenye pembe moja iliyoning'inia, na wazee wa kule wakimtaja husema "yule wa dume la pembe." Jina la mtu utalisahau. Ng'ombe hasahauliki!

Msimamizi wangu, tumwite Dokta, akaniomba kaseti za mahojiano na daftari langu ili ahakiki kazi. Kumbe mwenzangu anaandika makala yake. Akaipeleka kwenye jarida la kitaaluma, na wale wasomi wanaopitia makala kabla hazijachapwa wakamwambia maelezo ni makavu, aongeze uhalisia. Akarudi kwenye daftari langu, akamtoa yule dume, akamwingiza kwenye makala pamoja na pembe yake. Mhariri akapitisha. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama huyo mama aliyesimulia ameridhia. Jina langu halikuwemo popote, hata kwenye shukrani. Haya, hilo ningelimeza.

Mradi mmoja ukaitafsiri makala ile kwa Kiswahili, iwe ya kufundishia semina. Wanawake wakakusanywa ofisi ya kata, waume zao wengine wamesimama madirishani wakisubiri soda. Shangazi alikuwemo. Mwezeshaji, kijana wa watu asiyejua lolote, akasoma: "Bi Neema, si jina lake halisi, aliolewa kwa kundi lililoongozwa na dume jeupe lenye pembe moja iliyoning'inia." Shangazi anasema mama mmoja aliuliza kwa Kisukuma, "Si huyu hapa?" Yule kijana hajui Kisukuma, akaendelea kusoma. Alisoma mpaka mwisho, jamani, mpaka kwa yule mtu wa kupangwa.

Mumewe hakumpiga. Alimwambia, "Ungeniambia wewe, ningekasirika yakaisha. Mimi nimeambiwa na semina." Akamrudisha kwao Sapiwi, kwa baba yangu. Mama mkwe, ambaye angesimama kumtetea, alikuwa ameshakufa. Mtoto ndio kwanza alikuwa anatafuta mchumba, ukoo ukamwambia ng'ombe wa kuolea akawaombe kwa baba aliyemzaa. Akaenda machimboni, na tangu hapo hajampa mama yake hata salamu.

Nilimfuata Dokta ofisini. Akaniambia, "Jina nimebadilisha, taratibu zimefuatwa. Hivi wewe umekuja hapa kama msomi au kama mwanakijiji?" Nikaliandikia jarida. Wakajibu kwamba anayeweza kuomba makala iondolewe ni mwandishi wake, na mimi si mwandishi. Nikaandika tena kwamba mhusika mwenyewe analalamika. Wakataka athibitishe kuwa ndiye, yaani mama wa watu aandike kwa jina lake kamili na kusaini kwamba Neema ni yeye! Nikasema potelea mbali. Leo Dokta ni Profesa, na mhariri mkuu wa jarida hilohilo ni yeye. Mwaka huu wameyaweka matoleo yote ya zamani mtandaoni. Nimewaandikia tena, na aliyenijibu ni yeye: malalamiko yamepitiwa, hayana msingi.

Sasa shangazi anaumwa, yuko hapa kwangu. Mumewe alishafariki, na msibani walimzuia kufika. Juzi nikimnywesha uji akanishika mkono. "Mwanawane, yale maandishi wameshayafuta?" Nikamwambia nafuatilia. Akasema, "Fuatilia haraka. Labda yakifutwa mwanangu atakuja." Daktari ameshatuambia tumpeleke nyumbani tukae naye tu.

Yule mtoto nimempigia simu mara nyingi. Akisikia sauti yangu anakata.

Jana shangazi aliniuliza tena, na leo asubuhi kabla hata hajanawa uso. Nikimwambia yamefutwa, ataanza kuangalia mlangoni. Nikimwambia ukweli, atajua kuwa hata akishazikwa yataendelea kusomwa. Ndugu zangu, mwenzenu nimeishiwa. Kesho akiniuliza nimjibu nini?