Ng'ombe Waliotoka kwa Nguruwe

Mume wangu alikuwa na ng'ombe wengi, ila wote walikuwa wa zamani. Sina maana kwamba walikuwa wazee. Nina maana ya wale waliokufa kwa ukame, waliouzwa kwa ada za watoto, na waliogawanywa na ndugu zake kwa ugomvi. Mgeni akifika kwetu, pembezoni mwa Ibadakuli, mume wangu alimsimulia ng'ombe hao mmoja mmoja, kwa rangi na kwa pembe, na mgeni akatikisa kichwa kwa heshima. Kwa sisi Wasukuma mwenye ng'ombe ni mwenye ng'ombe, hata wakibaki mdomoni tu. Zizi letu lilikuwa limeota magugu, lakini kulivunja hakutaka kusikia.

Mimi nilikuwa na nguruwe, nao walikuwa hai, na nadhani hilo ndilo lililokuwa kosa lao. Kwa miaka yote niliyowafuga mume wangu hakuwahi kuwaita kwa jina lolote isipokuwa nguruwe wako. Nguruwe wako wananuka. Nguruwe wako wamelala njaa. Nguruwe wako wamenunuliwa? Hakushika koleo la bandani hata siku moja, alisema mkono uliozoea fimbo ya kuchungia haushiki mavi ya nguruwe. Kitimoto, yaani nyama yao, aliila, tena kwa pilipili, lakini baa, ya nguruwe wa watu.

Watu wa mjini hudhani ufugaji huu ni utajiri wa haraka. Kuna mstaafu mmoja, bosi wa zamani, aliyejenga banda upande wa Geita na kulitia vigae vizuri kuliko vya sebule yangu. Alikuwa amehudhuria semina. Alifundishwa kuzidisha: jike mmoja mara watoto kumi, mara mizao miwili, mara majike hamsini, na jibu likawa gari jipya. Nguruwe wa kwenye karatasi hawaugui, wala hawali. Wake walikula, tena pumba na mashudu vikapanda bei mwaka uleule, na kwa kuwa pesa yote iliingia kwenye vigae, hakuchimba hata shimo la kinyesi. Mvua ya kwanza ilipeleka kila kitu kisimani kwa jirani. Banda lile sasa limepangishwa kwa watu wa saruji.

Kwa upande mwingine kulikuwa na jirani yangu mjane, aliyefunga jike mmoja kwa kamba kwenye mwarobaini na kumlisha machicha ya pombe na makombo ya mama lishe. Gharama yake ilikuwa kamba. Huyo alipata faida kila mwaka na hakujua kwamba ni faida, alidhani ni bahati. Mimi nilikuwa katikati. Mdogo hapotezi kitu kwa sababu hana, mkubwa anapoteza cha benki, wa katikati ndiye anayepoteza usingizi. Nilikuwa na majike wanane, dume mmoja mwenye kiburi, na watoto ambao idadi yao ilitegemea kama mama yao amewalalia.

Kuhusu kinyesi, mimi nilichimba shimo, nikalisakafia, nikawa natandika maranda na kugeuza mboji kila wiki. Hata hivyo kiangazi majirani walipita wameziba pua kwa khanga na kuuliza kwa sauti serikali iko wapi. Mvua za kwanza zikianza, walewale walibisha hodi na ndoo. "Mama, shikamoo, tunaomba mbolea kidogo ya mchicha." Niliwapa. Harufu ilikuwa yangu peke yangu, mboji ilikuwa ya mtaa mzima.

Soko langu lilikuwa Geita. Wachinjaji wa Kalangalala, kata ya hukohuko, walikuja na pikapu na mizani yao, na sijawahi kuona mizani inayowachukia nguruwe kama ile. Bei haikutegemea uzito wala ubora. Ilitegemea mashimo ya wachimbaji, wanayoyaita maduara. Duara likitema, yaani likitoa dhahabu, vijana hula kitimoto asubuhi, mchana na usiku, na mchinjaji hukupigia simu akikuita mama yangu mzazi. Likikauka, anakuita mama tu, na anakwambia nguruwe wako wana mafuta mengi. Nilijifunza kuuliza habari za maduara kabla ya kuuliza habari za nyumbani kwake.

Basi ndipo mwanangu wa kwanza akataka kuoa. Yeye anachomelea vyuma kwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, huko Geita. Nilikuwa namtuma dawa za minyoo za nguruwe kwenye duka la dawa za mifugo, na akawa anaagizwa dawa ya wiki moja anakwenda dukani mara tatu. Muuzaji alikuwa binti wa Kishapu. Alikuja kunisalimia, akapiga goti, kisha akaomba kuliona banda, akanieleza bila kuniogopa kwamba dume wangu ana upele. Nilimpenda siku hiyohiyo.

Tatizo lilikuwa baba yake, mzee wa ng'ombe, wa mbio za mnada hadi mnada. Binti alitwambia wazi: "Baba akikataa, mimi sitatoroka. Sitaki kuolewa kwa kumvunja baba yangu." Na kwa desturi yetu upande wa binti huja kuwaona ng'ombe wa mahari kwa macho, wakiwa zizini, kabla ya kutoa neno. Kwa hiyo mwanangu asingekataliwa na msichana. Angekataliwa na zizi lenye magugu.

Nilimwambia mume wangu tuuze nguruwe tununue ng'ombe, tuombe miezi michache. Aliruka kama aliyekanyaga moto. "Niwaambie wakwe kwamba ng'ombe wangu wametoka kwenye mavi ya nguruwe wako? Niache na mambo ya wanaume, mama." Mambo ya wanaume yalikuwa haya: alikwenda kwa binamu yake ng'ambo ya mto, akaazima ng'ombe kumi wazuri kwa siku moja, akaahidi kuwarudisha na baadaye kununua wake taratibu. Aling'oa magugu. Akaleta na matoroli ya samadi ya ng'ombe, akaimwaga mlangoni, ili harufu ya heshima izime harufu ya aibu. Nguruwe niliambiwa niwashibishe wasilie, na banda lifunikwe kwa maturubai.

Siku ilipofika walikuja watatu, mzee na wenzake wawili. "Mwangaluka," mzee alisalimia, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita mifugo ya mbali. Alikunywa togwa, akasifu upepo. Mume wangu alianza kusimulia ng'ombe wa zamani, ila safari hii aliwaunganisha na wale kumi, akasema huyu ni mjukuu wa yule mwekundu, yule ni kitukuu wa yule wa pembe moja. Mimi nilikuwa jikoni, mlango ukitazama zizi, nasonga ugali, nikasema moyoni kwamba mwanamume huyu angeweza kuhubiri.

Wakaingia zizini. Mzee alipita polepole, akashika mkia, akafungua mdomo akatazama meno. Kwa ng'ombe mmoja mweupe mwenye doa shingoni alisimama. Akamtazama alama ya sikioni. Kisha akarudi nyuma hadi mlangoni, akapiga mluzi, mfupi na mrefu.

Yule ng'ombe akainua kichwa. Akaacha majani, akawapita wenzake, akaja moja kwa moja akamlamba mzee mkono. Nyuma yake wakaja wengine wawili.

Hapa nieleze jambo ambalo kila Msukuma analijua, na ambalo mume wangu alilisahau kwa hofu. Mwenye ng'ombe wengi hawaweki mahali pamoja. Huwagawa kwa watu wa mbali wamtunzie, ili ugonjwa au ukame usimmalize kwa mara moja. Anayetunza hunywa maziwa, na kwa adabu hasemi kwamba ni wa mtu. Yule binamu alikuwa ametunza ng'ombe wa mzee huyu kwa miaka mingi na kusema ni wake, hadi mume wangu akaazima bila kuuliza ni wa nani. Na binamu, kwa kiburi chake, hakuuliza wanakwenda kuonwa na nani.

"Bhabha," mzee alisema, taratibu kabisa, "mimi nina mzaha na watani, si na wakwe. Ulitaka kumwolea mwanao binti yangu kwa ng'ombe wangu?"

Mume wangu aligeuka kuwatazama ng'ombe. Akasema kwamba huenda wamechanganyika malishoni.

"Hata mwizi ana adabu," mzee alisema. "Anaiba kwa mmoja, anamuuzia mwingine."

Wenzake walianza kukusanya fimbo zao. Mwanangu alikuwa amesimama kando ya zizi, na nikajua kwamba wakishafika barabarani jambo hili limekwisha, na binti yule hatatoroka, kwa sababu alisema hatatoroka. Nilipata hasira kuliko aibu. Niliweka mwiko chini, nikatoka na ugali mikononi, nikapiga goti mbele ya mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mali ya nyumba hii haiko zizini. Iko nyuma. Ukiiona ukaichukia, utaondoka umechukia cha kweli."

Mume wangu alisema, "Mama, hapana." Mzee alimtazama yeye, akanitazama mimi, akanifuata.

Nilivuta turubai. Nguruwe wangu walikuwa wamelala wameshiba, hakuna aliyeguna, siku moja tu niliyotamani walie kwa fujo nao wakawa wapole kama waumini. Mzee alisogea karibu. Hakuziba pua.

"Hakuna hata mmoja wangu humu?"

"Hakuna, mzee. Nimewazalisha mwenyewe."

Aliniuliza jike anazaa mara ngapi, na wangapi, na anakula nini. Aliuliza nani ananunua. Nilimwambia ukweli, na vile watoto wanavyolaliwa na mama zao, na mizani ya Kalangalala, na bei ya pumba. Akaulizia shimo la kinyesi, nikamwonyesha, akachukua mboji kiganjani, akainusa, akairudisha. "Ng'ombe ananizungusha mwaka mzima kwa ndama mmoja," alisema, akizungumza zaidi na nguruwe kuliko na mimi.

Kisha tukarudi kwa wanaume. "Nguruwe zizini kwangu sitaki," alitangaza, "Kishapu nzima itanicheka. Nataka ng'ombe. Wanunueni, nitangoja hadi baada ya mavuno. Ila siku ya kuwapokea, mlangoni kwangu, nitauliza kila ng'ombe ametoka wapi. Na baba mwenye nyumba ndiye atakayenijibu." Akala ugali akamaliza, akaondoka na ng'ombe wake watatu.

Nikatangaza kuuza. Wachinjaji, kwa pua zao, walijua nina haraka, nguruwe wangu wakaota mafuta mengi ghafla. Nilikaza roho nikangoja. Mwanangu alinipigia simu kutoka makarashani kwamba duara kubwa limetema, na kesho yake nikaitwa mama yangu mzazi tena. Waliondoka majike sita na watoto wao wote waliokomaa, akiwemo yule jike niliyempenda kuliko wote, mweusi, aliyekuwa akija kuniegemea mguu. Nililia nyuma ya shimo la mboji, mahali ambapo sikuwa na wasiwasi wa kufuatwa. Ng'ombe tuliwanunua mnadani, mume wangu akichagua, na nakiri jicho lake kwa ng'ombe ni zuri, ni mfuko tu uliokuwa umempungukia.

Kishapu tulifika asubuhi. Wazee walikuwa wamekaa, wanawake wameshika vinywa tayari kwa vigelegele. Mzee alisimama mlangoni mwa zizi, fimbo mkononi, akamzuia ng'ombe wa kwanza.

"Huyu ametoka wapi?"

Mume wangu alikohoa. "Kwa mama."

"Mama yupi? Shangazi? Bibi?"

"Mke wangu."

"Alimtoa wapi?"

Kuna mtu alicheka. "Kwa nguruwe wake," mume wangu alisema, kwa sauti ya kuungama. Mzee akaondoa fimbo, ng'ombe akaingia.

Wa pili naye alizuiwa. "Kwa nguruwe wake." Wa tatu. Wanawake walikuwa sasa wanapiga vigelegele kwa kila jibu, na mimi nimeshika upindo wa kitenge changu, machozi yananitoka na sikuyafuta, acha waone. Kufikia wa sita mume wangu alikuwa amenyanyua kichwa, ameanza kuongeza maneno, nguruwe wa jasho, nguruwe wa mboji safi, nguruwe wanaojulikana hadi migodini. Nilimfahamu. Alikuwa amepata hadithi mpya.

Ng'ombe wa mwisho alifika mlangoni.

"Na huyu?"

"Huyu," mume wangu alisema, kifua mbele, sauti ikifika hadi barabarani, "ametoka kwa nguruwe wetu."

Zizi zima lilishangilia. Mimi nilimwachia, sikutaka kumharibia mbele ya wakwe. Kesho yake alfajiri, nyumbani, nilimwamsha nikampa koleo.