Jeraha Lisilo na Ukingo

Tuelewane kabla sijaanza. Sikuwa nimekunywa, sikuwa na homa, na wala haikuwa usiku. Watu husimulia mambo haya taa zikiwa zimezimwa, eti mizimu hupenda giza. Wangu mimi alikuja saa tisa alasiri, pale Ihumwa, nje kidogo ya Dodoma, jua la kiangazi likituchoma utosi, na nilimshika uso kwa vidole vyangu hivi kumi. Ukiona nakuongopea, kamuulize mdogo wangu Nyemo, maana bila mama yule aliyenijia, Nyemo tungekuwa tumeshamzika.

Kazi yangu ni kutengeneza majeraha. Ndiyo, umesikia vizuri! Wenzangu wa meikapu wanapamba maharusi, mimi napamba majeruhi. Nipe jelatini, pamba, gundi na rangi, nitakuunguza mkono mpaka mama yako mzazi aangue kilio. Nitakupa tetekuwanga, nitakupa macho ya manjano ya mgonjwa wa ini, nitakutoa mfupa nje ya goti. Wapiga filamu wananiita, na vyuo vinavyofundisha huduma ya kwanza vinaniita, maana mwanafunzi akizoea damu ya bandia hatakimbia atakapoiona ya kweli. Na damu yangu ni ya nyumbani kabisa: asali, rangi ya chakula, kahawa kidogo, na mchuzi wa zabibu, yaani maji yake yaliyokamuliwa, kutoka kwa mjomba wangu mwenye shamba. Asali inaifanya iwe nzito na ing'ae, na mchuzi wa zabibu unaipa ule weusi wa damu inayoanza kuganda. Nilikuwa najivunia damu ile, we acha tu.

Sasa shika neno moja, kwa sababu kisa chote kimebebwa na neno hilo: ukingo. Kila jeraha la bandia lina ukingo, pale ngozi niliyobandika inapoishia na ngozi ya mtu inapoanzia. Mtazamaji haoni. Sisi mafundi tunaona. Fundi akikutana na kazi ya fundi mwenzake, jicho lake linakwenda moja kwa moja kutafuta ukingo, kama mshonaji anavyogeuza nguo ya mwenzake aone mishono ya ndani.

Siku hiyo chuo kimoja, jina lake nitakaa nalo, kiliandaa zoezi la ajali ya basi. Walilaza kiunzi cha basi bovu kwenye nyasi kavu, si mbali na reli, wakatafuta watu wa kujitolea kuwa majeruhi. Nyemo akajitolea. Yeye anapenda mambo haya kuliko hata mimi! Mwalimu wa zoezi akampangia awe mtu aliyeumia kichwa, hajitambui, anakoroma. Nikamvimbisha jicho la kushoto mpaka likafunga, nikamwagia damu kutoka kwenye nywele hadi kwenye kola ya gauni lake la njano. Akajitazama kwenye kioo akapiga vigelegele.

"Dada, leo mtu atazimia!"

"Wewe ndiye wa kuzimia," nikamwambia. "Nenda kalale, ukorome kutoka tumboni, na usimjibu mtu."

Tuna taratibu mbili kwenye kazi hii. Ya kwanza, majeruhi analia, anatukana, anamwita marehemu babu yake, vyote ruksa, ila akiumia kweli anasema "si zoezi", na hapo kila kitu kinasimama. Ya pili ni yangu mimi: nikishamaliza kupaka, nakaa mbali hadi kipenga cha mwisho. Fundi akizurura katikati ya majeruhi, wanafunzi wanakumbuka kwamba ni rangi tu. Kwa hiyo nilikaa chini ya turubai langu kando ya kalvati, lile daraja dogo la barabara, hatua nyingi kutoka kwenye basi, nikipanga vitambaa na maji ya uvuguvugu ya kuwafutia watu baadaye. Kwa mbali nilisikia mayowe, tena makali. Nikacheka peke yangu. Wameiva leo!

Nilipoinua macho, mama mmoja alikuwa ameshaketi kwenye kiti changu cha kupakia.

"Mbukwa," akanisalimu Kigogo.

"Mbukwa, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nifute basi, nimechoka."

Kusema kweli sikuangalia alivyovaa. Mguu mmoja alikuwa na ndala na mwingine hana, hilo nililiona, lakini macho yangu yalikuwa yameshanasa kwenye jeraha. Jamani! Lilianzia juu ya nyusi ya kulia, likakata shavu, likaishia chini ya taya. Nyama ilikuwa na rangi zake zote, na mafuta yale madogo ya njano ambayo mafundi wengi huyasahau. Mimi sikulipaka. Moyo ukanienda mbio kwa furaha, nakuapia, furaha tupu! Nikajua kuna fundi mwingine mjini ambaye simfahamu, na chuo kimemleta kimyakimya anipime. Kuna mtu mwenye akili zake angefikiri hivyo? Fundi wa majeraha angefikiri hivyo. Mtu mwingine yeyote angepiga kelele.

"Mama, nani kakupaka?" nikauliza. "Niambie jina lake, nimtafute leo leo."

"Lori," akasema.

Nikadhani ni jina la utani. Nikasogea, nikapitisha ukucha taratibu pembeni ya jeraha nikitafuta ukingo. Sikuupata. Nikajaribu kwenye nyusi, hamna. Nikajaribu kwenye taya, hamna. Ngozi ilikuwa ya baridi, kama mtungi uliokaa kivulini, na sisi wote siku ile tulikuwa tunatoka jasho. Halafu nikaona jambo jingine. Nyuki walikuwa wanazunguka meza yangu, wanatua kwenye bakuli la damu, wanatua kwenye vitambaa, mmoja alitua hata kwenye kidole changu. Kwake hakutua hata mmoja. Walikuwa wanafika karibu yake wanapinda.

Hapo nywele zikaanza kunisimama, lakini mkono ulikuwa umeshazoea kazi. Nilichovya kitambaa cheupe kwenye maji, nikafuta kuanzia kwenye nyusi. Na jeraha likatoka! Sikuliona likibanduka kama jelatini inavyobanduka, na rangi haikutapakaa. Lilitoka tu, na chini yake pakawa na ngozi nzima, laini, ya mama wa makamo. Nikafuta hadi katikati ya shavu. Akavuta pumzi ndefu.

"Ahsante. Mimi nilisema naumwa," akasema, "wakasema naigiza." Kisha akanigeukia kwa lile jicho lililokuwa limeshasafishwa. "Na yule wako wa gauni la njano. Jicho moja ulimvimbisha wewe. La pili kamvimbisha nani?"

Nyemo nilimpaka jicho moja. Moja tu, la kushoto!

Sikumbuki kuweka kitambaa chini. Nakumbuka nyasi zikinichoma miguuni, na sauti yangu mwenyewe ikipasua uwanja: "Si zoezi! Si zoezi! Simameni!" Wanafunzi wakageuka, wengine wanatabasamu, wanadhani ni sehemu ya mchezo. Nyemo alikuwa amelazwa ubavu vizuri, jinsi walivyofundishwa, na binti mmoja amempigia magoti pembeni.

"Huyu dada ni hatari," yule binti akaniambia, "anakoroma kama kweli."

Nilimtazama mdogo wangu. Macho yote mawili yalikuwa yamefunga. Midomo ilikuwa imejaa kama andazi lililoumuka. Shingo ilikuwa na mabaka, na kile walichokiita kukoroma kilikuwa filimbi nyembamba ya pumzi inayopita kwenye koo linalozibika. Na katika damu yangu nzuri, kwenye kola, nyuki watatu walikuwa wamekwama.

Umeelewa sasa? Kiangazi, maua hakuna, maji hakuna, na mimi nimemlaza mdogo wangu uwanjani amepakwa asali na zabibu! Walimuuma, akapiga mayowe, akajitupa huku na huku. Wanafunzi wakafanya walivyofunzwa, wakamshika kichwa kisitikisike, wakasema majeruhi kazinduka. Akataka kusema "si zoezi" lakini ulimi ulikuwa umeujaza mdomo mzima. Akanyamaza, akakoroma, sawasawa na alivyopangiwa. Uvimbe ukaja, nao wakausifia kuwa ni kazi yangu. Tulikuwa kati ya watu waliosomea kuokoa, na gari la wagonjwa limeegeshwa palepale, na mdogo wangu anakufa mbele ya macho ya wote.

"Nyuki!" nikapiga kelele. "Uvimbe huu mwingine sikuupaka mimi! Anakufa!"

Mwalimu wa zoezi hakuuliza mara mbili, Mungu ambariki. Alikuja na muuguzi wa gari la wagonjwa, sindano ikaingia pajani kupitia kwenye gauni, Nyemo akapakiwa, mimi nikapanda nyuma nimemshika mguu. Njia nzima nilikuwa naisikiliza ile filimbi. Kabla hatujafika hospitali ikaanza kunenepa, ikawa pumzi. Nililia kwa sauti kama mtoto, na sioni aibu kukwambia.

Kesho yake Nyemo akiwa amekaa kitandani anadai chipsi, nilirudi Ihumwa kuchukua vitu vyangu. Mama Asha, mama wa Kirangi kutoka Kondoa anayeuza chai na maandazi karibu na kalvati, alikuwa amenitunzia. Nikamuuliza kama alimwona yule mama wa ndala moja. Akaacha kukoroga chai.

"Alikuwa na jeraha upande gani?"

"Kulia."

"Basi ndiye," akasema, akavuta kiti. "Huyo alikuwa mtu wa vituko, mwanangu, kuigiza ndiyo starehe yake. Leo kiwete, kesho mlevi, keshokutwa anajidai kafa, watu mbavu hawana. Siku lori lililowabeba kutoka mavunoni lilipopinduka hapo kwenye kalvati, alikaa kando ya barabara ameinamisha uso kwenye kanga, anasema naumwa jamani, naumwa. Wenzake wakamcheka. Wakasema haya, ameanza! Wakahudumia wengine kwanza. Walipokuja kumfunua ile kanga..."

Akanikabidhi kapu langu. Juu yake kulikuwa na kile kitambaa cheupe, kina doa jekundu, kimelowa.

Sasa nisikilize hapa. Unaijua Dodoma wakati wa kiangazi? Ukianika shuka, ukifika mwisho wa kamba mwanzo wake umeshakauka. Kitambaa kile nilikianika siku hiyo. Kimepigwa na jua, kimepigwa na upepo, kiangazi kile kimepita na kingine kimekuja. Mpaka leo hakijakauka. Kipo nyumbani, Nyemo hataki kukigusa, na mgeni asiyeamini namkabidhi mkononi. Hucheka akikipokea, akikirudisha hacheki.

Asali nimeiacha kabisa, damu yangu siku hizi ni ya sukari iliyopikwa na ina ndimu nyingi hata nyuki wanaikimbia. Na kabla ya zoezi lolote nawasimamisha majeruhi mbele ya wanafunzi na kutaja kwa sauti nilichompaka kila mmoja. Huyu mkono wa kulia, huyu jicho moja la kushoto. Chochote zaidi ya hapo ni cha kweli, mkimbilieni.

Lakini usiku mwingine usingizi unaniruka, nami najua kwa nini. Nilimfuta nusu. Nilikimbia kumwokoa wangu nikamwacha yeye na nusu ya jeraha lake, na sijutii kukimbia, ila najua ninalodaiwa. Mama Asha ananiambia wapita njia bado wanamwona kalvatini saa tisa alasiri, na kwamba siku hizi wanasimulia tofauti: nyusi nzima, shavu nusu zima, na chini bado wazi. Nimekwenda mara nyingi na maji ya uvuguvugu na kile kitambaa, nikakaa hadi jua likazama. Kwangu hajarudi. Labda anasubiri mtu mwingine.

Kwa hiyo nawe unayepita Ihumwa mchana, ukimkuta mama ameketi kando ya barabara, ndala moja, uso ameuinamisha, akakwambia anaumwa, nakusihi usicheke. Usimuulize nani kampaka. Usitafute ukingo. Chukua kitambaa ummalizie.