Msafisha Dohani wa Ngome ya Rabenfels

Katika mji wetu, ukitoka nyumbani asubuhi ukakutana na shemeji yangu Traugott Nestler, siku yako ilikuwa imeshanyooka. Alikuwa msafisha dohani, mume wa dada yangu Liesbeth, na kwetu Saksonia anayemgusa msafisha dohani kifungo cha koti huondoka na bahati. Nimemwona mwalimu mkuu, mtu anayejidai haamini mambo ya kijinga, akivuka barabara kwenye theluji ili naye aguse. Traugott hakuwa na makuu. Alisimama tu na kofia yake ndefu nyeusi na brashi begani, akakohoa kidogo, akangoja umalize.

Mimi niliishi nao ghorofani tangu vita viniachie ujane. Shemeji yangu alikuwa mzito wa maneno, na ilikuwa heri, maana dada yangu alikuwa na mdomo wa kuwatosha wote wawili. Jumamosi Traugott alikoga kwenye pipa jikoni, maji yakatoka kama wino, na Liesbeth akamsimanga kuwa ameolewa na jiko.

Juu ya mji, penye mwamba, ndipo ilipo ngome. Wakati wa vita waliwekwa humo maofisa mateka, Wapolandi, Wafaransa na Waingereza, wale watundu waliokwisha kutoroka kwingine. Sisi huku chini tulikula viazi na kabichi, tukanywa maji ya shayiri iliyounguzwa tukayaita kahawa. Wao waliletewa vifurushi vya Msalaba Mwekundu vyenye kahawa yenyewe. Hilo lilitukera kuliko ving'ora vya ndege. Ngome ina dohani nyingi, na sheria ya kwetu haijui vita: dohani lazima isafishwe. Kwa hiyo Traugott alipanda huko mara kwa mara, na walinzi walimgusa akiingia, wakamgusa akitoka.

Mlinzi mmoja wa lango alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, Bruno Zeidler, mzee ambaye jeshi lilimchukua kwa kukosa vijana. Vuli moja alikuja jikoni kwetu, kofia mkononi.

"Jirani, nina ombi la aibu," akasema.

"Sema, Bruno. Tumekulia mtaa mmoja, aibu ya nini?"

"Gerhard wangu yuko Urusi. Nataka nimpelekee kifungo chako. Kile cha juu, kinachoguswa na kila mtu."

Liesbeth akaangua kicheko. "Na kofia huitaki? Na mke wake je?"

"Wewe nikuweze wapi, Liesbeth!"

Traugott hakucheka. Alichukua kisu cha mkate akakikata kifungo palepale. Kilikuwa cha shaba, kina muhuri wa chama chao cha wasafisha dohani, nacho kimelainika kwa vidole vya mji mzima. "Mwambie asikivue," akasema. Dada yangu akamshonea kingine cha kawaida mahali pake.

Mwezi wa Desemba, Hilda, mke wa Bruno, akatualika mimi na Liesbeth kwake. Nilisimama mlangoni nikashikwa na bumbuwazi. Nyumba ilinukia kahawa, kahawa ya kweli, ile tuliyoisahau.

"Wee Hilda, umeiba wapi?" nikamwuliza.

"Kunywa unyamaze. Mpwa wangu alipita kutoka Uholanzi."

Tulikunywa. Nani angekataa?

Jumamosi kabla ya Krismasi, Irmgard, binti wa mwuza nyama, aliolewa na askari aliyepewa likizo. Tulikuwa tunavuka daraja kutoka kanisani, tukamwona msafisha dohani anashuka kutoka ngomeni, brashi begani, uso wote masizi. Watu walipiga kelele za furaha! Harusi ikikutana na msafisha dohani, bibi harusi hubusiwa shavuni, akabaki na doa la masizi, na hakuna zawadi inayolishinda doa hilo. Irmgard aliinua gauni akamkimbilia.

"Shemeji, mpake vizuri!" nikapaza sauti.

Yule mtu akasimama. Akavua kofia. Akaunganisha visigino, akainama, akaushika mkono wa bibi harusi akaubusu.

Mkono! Shemeji yangu asingebusu mkono wa mtu hata umpe nguruwe mzima. Nikamtazama machoni, na macho yalikuwa ya buluu. Ya Traugott ni ya kahawia. Nikashika ukingo wa daraja, nikawaza kwamba wamemwua shemeji yangu wakamvua nguo.

"Mpolandi huyo!" akafoka bwana harusi, aliyekuwa amepigana huko. "Hao ndio hubusu mikono!" Akamrukia.

Yule ofisa hakupigana. Alimtazama Irmgard tu, akasema kwa Kijerumani cha kuvunjika, "Samahani, bibi harusi. Nimefanya kama nyumbani."

Traugott hakuwa amekufa. Alikuwa bado yuko juu ya paa la ngome, hana habari. Alipomaliza kazi akateremka hadi langoni, na pale Bruno akamwona, bunduki ikamdondoka. Yeye ndiye aliyemfungulia lango yule wa kwanza. Alikuwa amemgusa kifungo, tena akamshukuru.

Tulidhani yatakwisha kwa kicheko. Jioni ile Liesbeth akaitwa ngomeni, akarudi uso umepauka kama unga.

"Wamemfungia," akasema. "Koti la Mpolandi ni blanketi lililotiwa masizi, vifungo ni bati. Isipokuwa cha juu. Cha juu ni cha Traugott, kina muhuri. Kapteni Osterloh wa ngomeni anamwuliza alimpa nani, naye anajibu, 'Nimewapa wengi.' Basi! Hasemi zaidi. Jumatatu gari la polisi wa siri linamfuata, na anayemsaidia mateka kutoroka, unajua mwisho wake."

"Lakini si alimpa Bruno? Bruno hakusema?"

"Bruno alikuwepo! Amesimama hatua moja kutoka kwa Traugott. Kapteni akamwuliza, naye akasema, 'Nilimwona Nestler mara nyingi akinong'ona na mateka.' Kwa masikio yangu, dada. Bruno wetu."

Ndipo nikauliza, kwa ujinga wangu, "Basi kile cha Gerhard kilifikaje ngomeni, kutoka Urusi?"

Liesbeth akanitazama. "Kahawa," akasema.

Tulikaa kitako sote wawili sakafuni. Mtu anaomba bahati ya mwanawe wa pekee aliye kwenye barafu na mizinga, anakatiwa kutoka kifuani mwa mwenzake, halafu anampa mateka kwa kopo la kahawa! Na sisi tukaisifu ile kahawa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema kitakukaribisha mezani.

Tulivuka barabara. Hilda akafungua. Bruno alikuwa mezani, hata buti hajavua.

"Bruno, nenda kamweleze Kapteni," akasema dada yangu.

"Wataniua, Liesbeth."

"Na wangu je?"

"Wako ana bahati," akasema Hilda. "Si ndivyo mji mzima unavyosema?"

Nilimtazama yule mwanamke niliyesoma naye nikaona simjui. Bruno alianza kulia. "Nilitaka kumpelekea Gerhard, Mungu shahidi wangu, nilitaka. Kilikaa mfukoni wiki nzima. Yule Mpolandi akakiona, akanionyesha kopo. Nikasema nitamwomba Traugott kingine, hatanikatalia."

"Asingekukatalia," akasema Liesbeth. "Ndiyo maana yuko kule na wewe uko hapa. Simama twende."

Hakusimama.

"Basi nakwenda peke yangu."

"Ukasemeje?" Hilda akamjia juu. "Ulikunywa vikombe viwili! Utasema na hilo?"

"Nitasema. Nilikunywa, sasa nakwenda kuitapika."

Alipanda mlima hivyohivyo, bila koti. Askari waliteremka naye wakapekua nyumba ya Bruno, wakatoa kopo la Kiingereza chini ya makaa. Jumatatu gari likaja kama lilivyopangwa, ila aliyepanda ni Bruno. Baada ya Krismasi Hilda aliletewa saa ya mfukoni ya Bruno na miwani yake. Hawakumwambia lolote zaidi.

Traugott alirudi, akakaa jikoni na masizi yake.

"Nani alisema?" akauliza.

"Mimi," akajibu dada yangu.

Alitikisa kichwa polepole. Hakumlaumu, hakumshukuru. Wiki kadhaa nilimsikia akikohoa tu.

Februari ikafika zamu ya upande wa ng'ambo. Dohani lazima isafishwe, hata ya Hilda, na Hilda lazima afungue. Mimi na Liesbeth tulikuwa dirishani, tunakunja shuka. Traugott akabisha. Mlango ukafunguliwa na kijana mrefu mwenye koti la jeshi, begi bado liko mgongoni. Gerhard. Mzima, viungo vyote, ametoka Urusi kwa likizo.

"Mzee Traugott!" akapaza sauti, akamkumbatia na masizi yake yote. "Afadhali nimekuona wewe. Nimeshuka garimoshi sasa hivi. Mama amejifungia chumbani, hataki kunijibu. Baba yuko wapi?"

Shemeji yangu alishusha brashi begani, akatazama dirishani kwetu.

Liesbeth aliachia shuka. Nilimshika mkono, akaniponyoka, akateremka ngazi, akavuka barabara na aproni yake.

"Usimwulize yeye, mwanangu," akasema. "Niulize mimi."