Mukono Kwanza Ufike Sikio

Mumenichokesha. Nikikaa tu nichambue majani ya sombe, muntu anakuja: "Mama, tuandikie ile habari ya Chola na materneli, ile masomo ya badogo." Kwani miye ni karani wa komini? Masomo niliiacha mbele ya kuijua vizuri, na biki ya kuandikia inaniuma vidole. Lakini nikiwaachia ninyi muisimulie, mutaiharibu. Basi mutulie.

Chola iko mutaa wa Katuba, mu nyumba ya matofali aliyoachiwa na marehemu bwana yake, muntu wa reli. Binti yake Julienne anapika ku kantini ya bafanyakazi wa mugodi, kule njia ya Kinsevere: wiki mbili kazini, wiki moja ku nyumba. Mutoto wa Julienne anaitwa Mapalo, miaka mitatu na nusu. Tangu kitovu chake kilianguka, iko mu mugongo wa Chola, kambo yake, muzaa mama yake.

Na wivu ya Chola, Mungu wangu! Jirani akimupatia Mapalo kipande cha muhogo, Chola anatoka mbio: "Kwetu hatukuli?" Kambo wa upande wa baba akituma gauni, gauni inageuka kitambaa cha kufuta meza. Asubuhi, mbabula ya makala ikishika moto, Chola anamwaga karanga mu lungo, Mapalo anazihesabu: moja, mbili, mpaka kumi na mbili. Ya kumi na tatu anaikula. Halafu banaimba nyimbo za Kibemba, babili tu. Chola alikuwa anasema: "Masomo ya huyu mutoto njo miye."

Mwezi wa nane ukielekea kuisha, Julienne, mbele ya kurudi kazini, akamupatia mama yake karatasi ya kuzaliwa ya Mapalo. "Mama, ku materneli ya karibu na kanisa kumebakia nafasi chache. Liste ya majina inafungwa siku ya tano ya wiki hii. Umuandikishe. Nafasi ikipotea, ni mpaka mwaka ujao."

Balienda siku ya pili. Chola alimuvalisha mutoto vizuri, akamuambia ashike pindo ya kikwembe yake ya kiunoni, asiiachilie. Mwalimu alikuwa Madamu Estelle, mudada mwenye suka mupya na viatu vya chini. Huyu Estelle hakuita hata jina. Alichuchumaa tu, akafungua mikono. Na Mapalo akaachilia kikwembe, akaenda kukaa ku mapaja yake, sawa muntu aliyefika kwao.

"Unaitwa nani, mama mudogo?"

"Mapalo."

"Unajua kuimba?"

Mutoto akaimba. Ile wimbo ya Kibemba, ile ya asubuhi, ya karanga! Yote, mpaka mwisho! Moyo ya Chola ikawaka sawa makala iliyopulizwa.

"Umuache kwanza," akasema. "Bado hajatosha. Mukono yake haifike ku sikio."

Bana ya leo, ninyi hamujui. Zamani bengi hawakuwa na karatasi ya kuzaliwa. Mutoto alipitisha mukono juu ya kichwa. Vidole vikigusa sikio la upande wa pili, miaka imetosha, aingie. Visipogusa, arudi kwa mama yake.

Estelle akacheka. "Eh mama! Ile ilikuwa ya kuingia premiere, darasa la kwanza, tena ya zamani ile. Mutoto wa materneli hata mumoja hawezi kugusa sikio. Nipatie karatasi tu."

"Weye unifundishe miye? Nilizaa wakati mama yako angali ananyonya!"

"Sikufundishe, mama. Ninaomba karatasi."

Karatasi ilikuwa mu kona ya kikwembe, imefungwa fundo. Chola akaikaza fundo mara ya pili, akamutoa Mapalo ku mapaja ya watu, akaenda naye. Mutoto alilia mpaka ku avenue yao. Na alikataa kubebwa. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kukataa ule mugongo.

Jioni Julienne akapiga telefone. "Mama, umemuandikisha?"

"Nimemuandikisha."

Hivyo tu. Mwanamuke muzima, na rozari mu shingo.

Kesho yake Mapalo akapanga vikombe vinne ku ukuta. Akachuchumaa mbele yao, akafungua mikono. "Unaitwa nani, mama mudogo?" akauliza kikombe cha kwanza, na sauti ile ile ya Estelle. Chola akakusanya vikombe vyote, ati anaenda kuviosha. Vilikuwa safi.

"Kuya tuhesabu karanga," akamuambia.

"Hapana. Kwanza sikio."

Mutoto akakaa ku mulango peke yake, akapitisha mukono juu ya kichwa. Vidole vikaishia katikati ya utosi. Akavuta. Akavuta tena, na meno amekaza. Muchana alisinzia ku mukeka, mukono ungali juu ya kichwa. Chola akaushusha polepole. Karanga zile hakuna aliyezikula siku ile.

Siku ya tano asubuhi, Mapalo akakuya anakimbia. "Kambo! Kambo, angalia! Inafika!"

Na ilifika kweli. Mutoto alikuwa amelaza kichwa mpaka ku bega, shingo imepinda sawa ya kuku aliyechinjwa, kidole kimoja kinagusa sikio.

Chola hakucheka. Ile hila aliijua. Yeye mwenyewe aliifanya utotoni kule Kambove, mbele ya masere mumoja mwenye miwani. Ule sista alimunyoosha shingo na mikono miwili, akamuambia arudi mwaka ujao. Binamu yake Kunda, aliyezaliwa naye mwezi mumoja, alikuwa na mikono mirefu. Akaingia. Mwaka uliofuata mama ya Chola alizaa, Chola akapewa mudogo wake wa kubeba, na masomo ikamupita, isipokuwa ile ya jioni ya bamama, miezi michache. Kunda akakuwa muuguzi, akavaa nguo nyeupe. Miaka sitini sasa, na Chola akisikia tu jina la Kunda anatema mate chini. Alifikiri ubaya ya moyo yake ilikuwa ya Kunda peke yake, na ya Estelle kidogo. Asubuhi ile, akiangalia ile shingo imepinda, akaona kumbe yeye Chola anamuonea wivu hata huyu mutoto. Mutoto alifunguliwa mulango ya masomo, na mukono hakuna aliyeiuliza. Chola mwenyewe njo aliyeiuliza.

"Nyoosha shingo," akasema.

"Haitafika tena, kambo."

"Najua. Twende."

Safari hii Mapalo alikubali mugongo, kwa sababu Chola alikuwa anakimbia. Madamu Estelle alikuwa ku meza, anapanga vitabu vyake.

"Mukono yake haifike bado," Chola akasema, na pumzi imekatika. "Lakini umuchukue."

"Nafasi imebakia moja, mama."

"Moja inatosha. Kwani nimeleta bangapi?"

Akafungua fundo na meno. Estelle akasoma karatasi, akageuza liste. Pembeni kulikuwa kile kidude cha wino, cha kuwekea kidole. Chola akakisukuma mbali, akashika biki. Jina lake ni herufi tano, na kila moja ilichukua wakati wake. Estelle hakumuharakisha, na kwa hiyo tu nitamusifu.

Siku ya kwanza ya masomo Mapalo aliingia bila kugeuka nyuma. Chola alibakia ku lupango, kiwanja cha masomo, mpaka muchana, mulinzi amemufukuza mara mbili. Batoto walipotoka, Estelle akamukaribia.

"Mama, leo asubuhi yote ananiita kambo."

"Umukatalie. Kambo ni mumoja."

Alisema hivyo, lakini akirudi alisimama ku kila mulango ya avenue kusimulia namna mutoto anaita mwalimu jina lake yeye. Julienne, binti yangu, kama unasoma hapa, sasa umejua siku gani kweli uliandikishiwa mutoto.

Nimemaliza kazi yenu. Weye uliyesoma habari hii bure, inuka. Ile karatasi ya mutoto uliyoificha weye pia mu sanduku, itoe leo, liste ingali wazi. Na biki hii imekauka kwa ajili yako. Uniletee ingine, ya bleu.