Natalia Akataa Jiwe la Kusagia

Kwa miaka miwili Natalia wa kijiji cha Tumati aliitwa mvivu, na aliyemwita hivyo kuliko wote ni mama mkwe wake. Enzi zile za Mwingereza, mke aliamka kabla ya jua akapiga magoti kwenye jiwe kusaga mahindi. Natalia aliamka, lakini vidole vilikuwa vimevimba, havikunjiki mpaka jua lipande. Jioni alifanya kazi kama wengine. Ndiyo maana hawakumwamini.

"Asubuhi mgonjwa, jioni mzima," mama mkwe alisema. "Ugonjwa gani huo?"

Natalia alisaga hivyo hivyo, machozi yakidondokea unga. Alikonda, akachoka hata kabla ya kazi. Mumewe, Gervasi, aliona yote akanyamaza. Kimya chake kilimuuma kuliko matusi.

Siku moja Natalia aliacha jiwe, akatembea hadi zahanati ya Mbulu mjini. Mganga wa pale, Alfredi, alimbonyeza vifundo vya vidole.

"Ukichomwa na mwiba, damu hukimbilia pale," alimwambia. "Panavimba, panapata moto, kisha panapona. Mwili unajitibu. Wako unawaka pasipo na mwiba, na hauzimiki. Moto huo unakula viungo, na ndio unaokukondesha. Tembe hizi zitatuliza maumivu, haziponyi. Vikivimba, pumzisha mikono."

"Kwa hiyo si uvivu?"

"Uvivu? Nani kasema?"

Natalia alifunga tembe kwenye pindo la nguo. Alirudi nyumbani kifua kimejaa hasira. Mama mkwe alikuwa mlangoni. Natalia hakumwamkia. Aliuchukua mkono wa yule mama akaukandamiza kwenye kifundo chake kilichovimba.

"Shika! Uvivu una joto hivi?"

Mama mkwe aliuchomoa mkono kama aliyegusa chungu cha moto. Natalia akamgeukia Gervasi. "Dongobesh kuna mashine ya kusaga. Punda unao. Mimi sipigi magoti tena."

"Watu watasemaje, mwanamume kupeleka mahindi mashineni?"

"Waseme! Mimi nimesemwa miaka miwili, na wewe ulikuwa unasikiliza."

Unga uliisha, nyumba ikala viazi mpaka Gervasi akachoka, akampakia punda magunia.

Mama mkwe hakuomba radhi kamwe, ila alianza kuwasha moto wa asubuhi mwenyewe. Vidole vya Natalia viliendelea kupinda hadi uzeeni. Majirani walipomsifu Gervasi kwa wema wake, Natalia aliinua mikono ile mbele yao.

"Wema ulichelewa," alisema. "Tazameni."