Mtetemo wa Gari la Harusi

Fundi huyu ana mdomo mchafu kuliko ovaroli lake, ila viganja vyake vina adabu: hugusa injini kama mama anayepima homa ya mtoto. Leo mzee mmoja kaleta gari lake la kifahari la zamani. Linatetemeka, na jioni hii ndilo la kumpeleka binti yake harusini. Mafundi wengine walishasema injini ishushwe. Huyu alilegeza bolti zinazoishikilia, akaiwasha, akaiacha icheze mpaka ikakaa inapotaka yenyewe, ndipo akazikaza.

"Mbona bado linatetemeka?" mzee akalalama, kakamata usukani.

Fundi akagusa dashibodi, kisha mikono ya mzee.

"Gari limetulia, baba. Anayetetemeka ni mzazi wa bibi harusi. Pumua kwanza, spana ya hiyo sina."